Mama anatapika baada ya kemo, dada anataka kuleta mafuta ya bangi kutoka Marekani. Wenye uzoefu njooni

#1 Mwana wa Kibosho

Wakuu heshima kwenu. Naenda moja kwa moja.

Mama yangu ana kansa ya koo la chakula. Ilianza kwa kukwamwa na ugali, tukadhani ni vidonda vya tumbo, mpaka walipompiga kamera. Sasa yuko kwenye kemo. Akishatundikiwa dripu, siku tatu zinazofuata hakuna kinachokaa tumboni. Amekonda mpaka pete ya ndoa tumeizungushia uzi isidondoke. Usiku maumivu yanatoka kifuani yanaenda mgongoni, halali.

Dada yangu yuko Minnesota. Kule bangi ya wagonjwa ni halali, na mwenzake wa kazini aliyekuwa na kansa ya titi anasema ilimsaidia kula. Dada anakuja Desemba kupitia Dubai, ataweka chupa mbili za mafuta kwenye begi la nguo, na ameniambia nisimwambie daktari kitu.

Mama ni mtu wa kanisani, hajawahi kuweka hata sigara mdomoni. Nataka kujua: inasaidia kweli? Anapewa kiasi gani? Na hizo chupa zitapita?

#2 Mura wa Tarime

Pole kwa kuuguza mkuu. Lakini ya Marekani ya nini wakati mali iko nyumbani? Chemsha majani na maziwa, chuja, mpe kikombe cha kahawa jioni. Babu yangu kanywa hiyo mpaka uzeeni, hospitali anaisikia kwenye redio.

#3 Nesi wa Midlands

Mura #2, hapana, kwa mgonjwa wa kemo usimshauri mtu hivyo. Kinga yake iko chini. Majani yaliyoanikwa juu ya bati na kufungwa kwenye gazeti yana ukungu, na ukungu ambao wewe na mimi tunaupumua bila shida unaweza kumshambulia yeye mapafu.

Halafu hicho kikombe hujui kina miligramu 5 au 80 za THC, ile inayolewesha. THC inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maziwa yenye malai yanaibeba vizuri sana. Ikipitia tumboni inachelewa, nusu saa mpaka saa mbili, na ikianza inakaa saa sita, nane au zaidi. Mtu anaona kimya, anaongezewa kikombe cha pili. Nimepokea mama wa makamo wodini hapa Uingereza, kala kipande cha keki ya kijana wake bila kujua: mapigo 140, kashika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili anasema sakafu inaondoka. Ilichukua usiku mzima kutulia.

Mleta uzi, pole sana mdogo wangu. Usimfiche daktari. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko mafuta yenyewe.

#4 Mwalimu wa Bomet

Pole ndugu. Kansa ya koo huku Bonde la Ufa imetumaliza, kila boma lina mtu. Hebu tuambie kitu kimoja: anatapika kweli, ama chakula kinafika mahali pamefungwa kinarudi? Mjomba wangu tulikuwa tunasema anatapika, kumbe ni uji unarudi vile uliingia, mweupe, hauna hata uchungu. Aliwekewa stenti pale Tenwek, ile bomba ya waya inashikilia koo ikae wazi, akaanza kumeza uji na mayai. Kama shida ni njia, hakuna bangi ya kuifungua.

#5 Mwana wa Kibosho

Mwalimu #4 umenigusa. Ni vyote viwili. Siku za dripu anatapika maji ya njano machungu hata kama hajala. Siku nyingine ni uji unarudi mweupe. Sisi wote tulikuwa tunaita kutapika.

Dawa za kuzuia kutapika: siku ya dripu anachomwa ondansetroni, nyumbani anakuja na vidonge vya Plasil. Basi.

#6 Mfamasia wa Makutupora

Hapo kwenye "basi" ndipo pa kuanzia. Kabla hujafika kwenye bangi kuna ngazi mbili hazijapandwa.

Muulize daktari kuhusu deksamethasoni kwa siku zinazofuata dripu, na olanzapini. Ukiisoma hiyo ya pili kwenye karatasi utaona ni dawa ya wagonjwa wa akili, usishtuke. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 ulionyesha ikiongezwa juu ya dawa za kawaida inapunguza sana kichefuchefu cha kemo. Na India mwaka 2023 walitoa miligramu 2.5 kila siku kwa wagonjwa wa kansa, ikiwemo ya tumbo na ya mapafu, hamu ya kula na uzito vikapanda. Ni kidonge cha bei ndogo. Inaleta usingizi, kwa hiyo hunywewa usiku, na daktari atapenda kuondoa Plasil kwanza maana zikikutana zinaweza kukaza misuli ya shingo na taya.

Sasa bangi. Dawa za jamii hiyo zilizosajiliwa kwa kutapika kwa kemo zipo tangu zamani, dronabinoli iliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Zote zinafanya kazi kama THC. Sio CBD, ile sehemu ya bangi isiyolewesha. Watu wengi wanabeba chupa za CBD wakidhani ndiyo hiyo hiyo. Australia mwaka 2020 walichukua wagonjwa ambao dawa za kawaida zilishindwa, wakawapa kapsuli zenye THC miligramu 2.5 na CBD 2.5, mara tatu kwa siku. Wasiotapika kabisa wala kuhitaji dawa ya ziada ya kuzuia kutapika walitoka 14 kwenye kila 100 wakafika 25. Faida ipo, lakini robo tatu hawakufikia hapo, na karibu theluthi walipata kizunguzungu au usingizi mzito.

Mwambie dada apige picha lebo ya nyuma ya chupa atume. Tuanzie hapo.

#7 Jicho la Tatu

Mnazunguka na kichefuchefu wakati bangi inaua kansa yenyewe. Kuna mafuta meusi mazito, RSO, mtu anakula gramu 60 kwa miezi mitatu kansa inakauka. Makampuni ya dawa hayawezi kukuambia.

#8 Mfamasia wa Makutupora

Jicho #7, kwenye sahani ya maabara THC na CBD zimeua seli za kansa, ni kweli. Hata jiki inaua. Kwa binadamu hakuna jaribio lililoonyesha mafuta hayo yanaponyesha kansa ya koo. Ninachokiogopa kwenye hii habari ni mtu kuacha kemo akiwa hatua ya pili, anarudi akiwa ya nne. Nimewaona dirishani kwangu, wanakuja kununua gozi.

#9 Jicho la Tatu

Sikusema aache kemo mkuu. Nimesema ajaribu yote.

#10 Mjukuu wa Kibra

Marehemu Ken Okoth, mbunge wetu, alikuwa na kansa ya utumbo mpana, alitibiwa mpaka Ufaransa. Mwaka 2018 ndiye alipeleka pendekezo la mswada wa bangi bungeni Kenya, ikiwemo ya matibabu. Alifariki Julai 2019 na mswada ukalala. Yule alikuwa mgonjwa anaongea, hakuwa mtu wa kutafuta kura kama waliokuja kuimba bangi 2022.

#11 Mura wa Tarime

Mjukuu, Wajackoyah, yule mgombea urais wa Kenya, msimseme vibaya, alitaka kutununulia mavuno yetu.

#12 Mjukuu wa Kibra

Mura wewe unafuatilia siasa za Kenya kuliko za Musoma. Turudi kwa mama wa watu.

#13 Dereva wa Columbus

Mleta uzi mwambie dada asome hii mara mbili.

Kadi ya mgonjwa ni ya jimbo. Minnesota walipitisha bangi ya wagonjwa 2014 na tangu Agosti 2023 mtu mzima yeyote anaruhusiwa, lakini uwanja wa ndege na mpaka viko chini ya serikali ya shirikisho. Kutoka nchini na chupa ya THC ni kusafirisha dawa za kulevya. Na kama dada ana grini kadi hajapata uraia, hapo ndipo moto ulipo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo limeruhusu, kunaweza kukunyima uraia kwa kukosa mwenendo mwema. Hata kukiri kwa mdomo tu mbele ya ofisa kunatosha kukuletea shida. Kuna watu walifanya kazi halali kwenye duka la bangi, wanalipa kodi, wakakwama kwenye usaili wa uraia.

Sisi madereva wa malori ndio kabisa. Kadi ya daktari haikusaidii kwenye kipimo cha mkojo, na idara ya usafirishaji ilishatamka kwamba "nilitumia CBD tu" sio utetezi. Jamaa yangu Mkenya leseni imekaa kabatini kwa sababu ya mafuta ya magoti aliyonunua kituo cha mafuta. Lebo ilisema hayana THC.

#14 Nesi wa Midlands

Namuamini kuhusu lebo. Kuna utafiti wa 2017 Marekani, walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa ni 26. Nyingine pungufu, nyingine zaidi. Na 18 zilikutwa na THC.

#15 Mpemba wa Maskati

Assalam aleikum. Dada wa watu apitie Dubai na chupa hizo? Naomba asifanye. Emirati walilegeza kidogo mwishoni mwa 2021 kwa msafiri wa mara ya kwanza anayekutwa na chakula au kinywaji chenye THC, kinachukuliwa na kuteketezwa, lakini huo sio ruhusa, na nani anataka kuwa mfano? Huku Ghuba mafuta ya CBD yanahesabiwa dawa za kulevya hayo hayo. Begi la kuunganisha ndege nalo linapita mashineni. Mama anaumwa, asije akalia na mtoto aliyefungwa.

#16 Wakili wa Mtaa

Na akivuka Dubai kuna Kilimanjaro. Tanzania ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya 2015. Haina kipengele kinachotambua kadi ya mgonjwa ya Minnesota wala cheti cha daktari wa nje kwa mafuta ya bangi. Dawa yoyote ya kuingiza ina mlango wake, TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na hiyo chupa haijasajiliwa. Kuificha kwenye begi la nguo kunaongeza uzito wa kesi, maana huwezi kusema hukujua.

#17 Kagame Fan 250

Rwanda imeruhusu tangu 2021.

#18 Wakili wa Mtaa

Rwanda imeruhusu kulima, kuchakata na kuuza nje. Mgonjwa wa Nyamirambo haendi duka la dawa kuinunua. Lesotho walioanza Afrika 2017, hata Uganda yenye mashamba ya kupeleka nje, biashara ni ile ile: inalimwa hapa, inatibu kwingine. Kwa mama wa Kibosho haijabadilisha kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

#19 Binti Pangani

Habarini. Niko Toronto, naleta yaliyotukuta.

Shangazi alikuwa na kansa ya kongosho. Daktari wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ndiye aliyemwandikia mafuta, THC na CBD nusu kwa nusu. Walimwanzishia THC miligramu 2.5 usiku tu, tukakaa nayo siku kadhaa kabla ya kuongeza. Sirinji ndogo isiyo na sindano, chini ya ulimi, anashikilia kidogo ndipo ameze. Tulikuwa na daftari: saa ngapi kapewa, kala nini, kalala saa ngapi, kaongea vya ajabu au la. Choo aliruhusiwa kwenda akiwa ameshikwa mkono, maana dozi ya kwanza akisimama presha inashuka. Na hakuna kufunga mlango kwa ndani.

Wiki ya pili akaomba wali wa nazi na samaki. Alikuwa hajaomba chakula kwa kinywa chake tangu Ramadhani.

#20 Mfamasia wa Makutupora

Binti Pangani asante, hilo daftari kila familia ingekuwa nalo. Alikuwa anatumia nini kingine wiki hizo?

#21 Binti Pangani

Deksamethasoni kidogo asubuhi. Mofini ilikuwa imeongezwa. Na kemo walikuwa wamesimamisha.

#22 Mfamasia wa Makutupora

Deksamethasoni peke yake inaleta njaa ya kufungua sufuria. Mwaka 2006 walilinganisha dondoo la bangi, THC na dawa bandia kwa wagonjwa wa kansa waliokonda, hamu ya kula haikutofautiana.

#23 Nesi wa Midlands

Mimi ningesema ni kemo kusimama. Mdomo unarudi kuwa na ladha.

#24 Mwalimu wa Bomet

Ama maumivu kupungua. Mtu mwenye maumivu hali.

#25 Binti Pangani

Mnaweza kuwa sahihi wote. Lakini deksamethasoni alianza mwezi mmoja kabla na hakuomba wali. Na usiku ambao mafuta yaliisha, tukasubiri mzigo mwingine, hakulala. Nilikuwa nimekaa naye, najua alivyokuwa.

#26 Jicho la Tatu

Ahsante dada. Wataalamu wana majibu ya kila kitu isipokuwa mgonjwa mwenyewe anapoongea.

#27 Mama Jay

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana miaka 6, kilo 20, kifafa kikali, anatumia valproeti. Binamu wa Leeds alitutumia CBD, chupa imeandikwa miligramu 1000, mililita 30. Degedege zilipungua karibu nusu, baada ya muda zikarudi vile vile. Mafuta yameisha nguvu au mwili umezoea?

#28 Mfamasia wa Makutupora

Pole mama. Tufanye hesabu. 1000 gawanya kwa 30 ni kama miligramu 33 kwa mililita. Dawa halisi ya CBD ya kifafa, Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut, ina miligramu 100 kwa mililita. Inaanzia miligramu 2.5 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Kwa kilo 20 hiyo ni miligramu 100 kwa siku, na baada ya wiki hupanda mpaka 200. Ulikuwa unampa kiasi gani?

#29 Mama Jay

Matone matano asubuhi, matano jioni.

#30 Mfamasia wa Makutupora

Mililita moja ni kama matone 20. Kwa hiyo alikuwa anapata kama miligramu 16 au 17 kwa siku, chini ya robo ya dozi ya kuanzia. Ndiyo maana siwezi kusema mafuta yalifanya kazi, wala kwamba mwili ulizoea. Kuna daktari aliyebadilisha valproeti kipindi hicho?

#31 Mama Jay

Aliongeza. Wiki ile ile.

#32 Nesi wa Midlands

Kifafa chenyewe pia kina vipindi vya kutulia. Lakini mama Jay, usikimbilie kumwongezea matone kwa hesabu hiyo. CBD kwa dozi kubwa pamoja na valproeti inapandisha vimeng'enya vya ini, wale wanaopewa Epidiolex wanapimwa damu kabla na wakati wa dawa. Kama hakuna anayempima ini, usifanye nyumbani. Na valproeti usiiguse bila daktari, kuikatisha ghafla kunaleta degedege lisilokatika.

#33 Mganda wa Makindye

Nasoma toka juu, hakuna aliyesema kuhusu maumivu ya usiku ya mama. Mofini ya maji iko wapi? Uganda tunayo tangu miaka ya tisini, Hospice Africa Uganda ilianza 1993, inachanganywa hapa hapa na mgonjwa hauziwi. Kwa maumivu ya kansa hiyo ina ushahidi ambao bangi haijaufikia.

#34 Nesi wa Midlands

Hata Tanzania ipo, Ocean Road wanaitengeneza, hospitali za kanda na nyingi za mikoa zinapata. Inanywewa kila baada ya saa nne, dozi ya kulala mara nyingi huongezwa ili mtu apate usingizi. Lazima aandikiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu chake, msije mkasema kemo.

Na kama siku moja mafuta yatafika mikononi kihalali, kwa yeyote anayesoma: hayaendi kwa mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili au ndugu wa damu mwenye skizofrenia, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye moyo usiotulia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu mapema, maana nguvu ya dawa hiyo inapanda. Na mtu aliyezoea bangi kila siku kwa muda mrefu akianza kutapika bila kukoma na nafuu yake ni kuoga maji ya moto tu, bangi yenyewe ndiyo inamtapisha.

#35 Mura wa Tarime

Hiyo ya maji ya moto ni kweli, kuna kijana kijijini anakaa bafuni kutwa. Tulijua karogwa.

#36 Mwana wa Kibosho

Wakuu nimerudi. Dada ametuma picha. Chupa zote mbili ni CBD ya hemp, ile bangi isiyolewesha, imeandikwa THC chini ya asilimia 0.3. Nimemsomea #13 na #15 kwa simu, usaili wake wa uraia ni Machi. Amekaa kimya muda, kisha akasema haji nazo. Amelia pia, maana alitaka kuja na kitu mkononi.

Kwa daktari tumeenda jana na mama mwenyewe. Nilimwambia kila kitu hadi habari ya mafuta, hakukasirika. Kaandika olanzapini miligramu 5 usiku kuanzia dripu ijayo, Plasil kaifuta. Mofini ya maji tumepewa, na dawa ya choo. Stenti kasema kwanza wapige picha waone kama kemo imepunguza uvimbe, maana ukipungua stenti inaweza kuteleza ikashuka. Mwalimu, kwa mjomba waliweka kabla ya kemo au baada?

#37 Mwalimu wa Bomet

Yeye hakupata kemo, alikuja akiwa amechelewa. Kwa hivyo yake haikuteleza. Uliza kama kuna mionzi kwa mpango, hiyo nayo inabadilisha uamuzi.

#38 Jicho la Tatu

Vizuri mkuu. Ila kama hizo zote zikishindwa?

#39 Mfamasia wa Makutupora

Hapo, Jicho, tutakuwa tunaongea kuhusu THC, na nchi hii haina mlango halali wa kuipata. Sina jibu la kumpa mgonjwa huyo.

#40 Mama Jay

Mfamasia, hicho kipimo cha ini kinaitwaje nikiombe kliniki Jumatatu?

#41 Mfamasia wa Makutupora

Waambie ALT na AST. Chukua na chupa uliyobakiza, hata kama tupu.